Nani Atauhifadhi Mlio wa Magitaa Yetu? Amplifaya, Kompyuta na Somo la Upare

Ugweno, katika Milima ya Upare ya Kaskazini, ilijulikana kwa chuma muda mrefu kabla ya kuja kwa Wajerumani. Masimulizi ya wazee, ambayo Profesa Isaria Kimambo aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, yanautaja ukoo wa Washana kuwa ndio uliotawala Ugweno hapo kale, nguvu zake zikifungamana na uhunzi, kabla ya Wasuya kutwaa madaraka. Chuma cha Upare kilivuka bonde hadi Uchagani, kikawa majembe na mikuki ya watu wengine. Leo hakiyeyushwi tena. Chuma cha ng'ambo kilipojaa sokoni, tanuri zilipoa, na waliojua kiasi cha mkaa, mwendo wa mivukuto na rangi ya moto walizikwa pamoja na ujuzi wao. Wanaakiolojia wanaookota mavi ya chuma milimani wanaweza kupima madini yaliyomo na kukisia joto la tanuri. Mkono uliovukuta hawawezi kuuokota.

Nimeanza na chuma ili tupate kipimo cha kutazamia jambo lililo karibu nasi zaidi kwa wakati, nalo ni mlio wa gitaa la umeme katika muziki wa dansi wa Tanzania. Mlio huo nao ulipikwa katika tanuri zake, yaani amplifaya. Tanuri hizo nazo zinapoa mbele ya macho yetu. Tofauti ni kwamba sisi, kinyume cha wajukuu wa Washana, tunacho chombo cha kuuhifadhi kabla haujapotea. Swali la makala haya ni kwa nini hatukitumii.

Amplifaya si kipaza sauti tu

Gitaa la umeme likiwa peke yake halina sauti ya kujaza hata sebule. Uzi unapotikisika juu ya sumaku huzaa mkondo dhaifu wa umeme. Amplifaya huukuza mkondo huo, na spika huugeuza kuwa mtikisiko wa hewa. Wengi hudhani kwamba kazi ya mtambo huo ni kukuza kilichopo bila kukibadili. Sivyo. Amplifaya zilizokuja kuitwa za asili, kama Vox AC30 iliyotoka Dartford, Uingereza, mwaka 1959, zile za Fender za California, na zile ambazo Jim Marshall alianza kuziunda London mwaka 1962, zilitumia taa za kioo zisizo na hewa ndani, za jamaa moja na zile zilizokuwa zikiwaka ndani ya redio za babu zetu.

Taa hizo zikizidiwa na nguvu hazilikati wimbi la sauti kwa ghafla. Huviringisha vilele vyake kidogo kidogo, na sikio huipokea hali hiyo kama joto na utamu. Transista ya kawaida ikizidiwa hukata kilele kama panga linavyokata mgomba. Tena, mpigaji anapozikwanyua nyuzi kwa nguvu, umeme ndani ya mtambo hushuka kwa kitambo kidogo kisha hupanda, mlio ukawa kama unavuta pumzi. Ndiyo kusema mkono na mtambo hujibizana. Anayepiga solo hapigi gitaa peke yake. Anapiga gitaa, amplifaya, spika na hata sanduku la mbao lililoibeba spika hiyo.

Hapo historia ya muziki inakutana na historia ya umeme. Mtambo ule ule ukipewa umeme pungufu hulainika na kuanza kukwaruza mapema kuliko kawaida. Kitabu cha maelekezo husema volti 230. Jenereta iliyochoka na waya mrefu wa kuazima hawakisomi kitabu hicho. Kwa wakazi wa Upare jambo hili si nadharia. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa chini ya milima yao katika miaka ya 1960, lilifungwa mitambo ya megawati 8, lakini kuona nguzo za umeme zikipita ni jambo moja, na kuwasha taa nyumbani ni jambo jingine. Wakala wa Nishati Vijijini uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Katika miongo iliyopita kati ya bwawa na sheria hiyo, vijiji vingi vya milimani viliusikia muziki wa magitaa kwa redio ya betri, au kwa jenereta siku ya sherehe. Mlio ambao watu wa Mbaga, Gonja au Usangi waliupenda ulikuwa tayari umepita katika mikono ya uchumi wa nchi.

Mlio kama mali ya umma

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba amplifaya za muziki wetu wa dansi hazikuwa, kwa sehemu kubwa, mali ya wanamuziki. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha, vyombo vingi vilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama kilipobadilika: JUWATA, kisha OTTU, hadi kufikia Msondo Ngoma. Umoja wa Vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi walikuwa na bendi yao. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, na Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, baadaye ilihamia kwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam.

Utaratibu huu ulikuwa na neema yake. Kijana asiye na senti aliweza kushika gitaa la thamani na kulipwa mshahara. Lakini ulikuwa na matokeo ambayo hatujayatafakari vya kutosha: mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake, akaiacha amplifaya. Mlio wa bendi ukawa, kwa maana ya kisheria kabisa, kifaa kilichoorodheshwa katika daftari la ghala. Na sisi tuliofanya kazi katika utumishi wa umma tunajua mwisho wa vifaa vya ghala: huandikwa chakavu, hupigwa mnada, au hubaki chini ya ngazi hadi jengo lipakwe rangi upya.

Nyaraka nazo hazitusaidii. Karatasi iliyobandikwa katikati ya sahani ya santuri hutaja bendi, wimbo, mtunzi na kampuni. Haitaji amplifaya. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyoundwa mwaka 1965 Serikali ilipotwaa shirika la utangazaji la zamani, ilirekodi bendi kwa miongo na kujenga hazina kubwa ya mikanda. Katika miaka ya mwanzo ya 2010 mradi wa Tanzania Heritage Project ulianza kuhamasisha umma ili mikanda hiyo iingizwe katika mfumo wa kidijitali. Ilikuwa kazi njema, na bado inahitajika. Hata hivyo mkanda huhifadhi tukio lililokwisha kutukia. Hauwezi kumpa kijana wa leo mtambo wa kupigia wimbo wake mwenyewe.

Same, njia panda

Msomaji anaweza kuuliza: haya ni mambo ya Dar es Salaam, Same inahusikaje? Inahusika kwa sababu ya njia. Reli iliyoanzia Tanga ilipita chini ya Milima ya Upare na kufika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na barabara iliifuata. Anayetoka Tanga kwenda Arusha na Nairobi hupita Same. Na Tanga ilikuwa mojawapo ya miji mikuu ya gitaa katika Afrika Mashariki: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na Lucky Star zote zilikuwa za huko. Kutoka Jamhuri Jazz walitokea ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, waliohamia Arusha na kisha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaunda Simba Wanyika. Magitaa yale yanayosukana kama ukili, ambayo wengi huyaita ya Kenya, yalisafiri kwa njia hii ya kwetu.

Njia hiyo ilifungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi mwaka 1983. Upare ya Kaskazini, inayopakana na Kenya upande wa Ziwa Jipe, iliyahisi hayo katika biashara zake za kila siku. Wanamuziki waliyahisi kwa namna yao, kwani sahani nyingi za bendi zetu zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi. Ikafuata vita ya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni, na mwaka 1983 kampeni dhidi ya walanguzi. Nyuzi za gitaa, taa za amplifaya na karatasi za spika vyote vilikuwa bidhaa za kuagizwa. Katika hali kama hiyo fundi huwa mtunzi wa muziki bila kuambiwa: anafunga taa ya aina nyingine badala ya ile iliyokufa, anashona spika iliyochanika, na mlio unabadilika. Tunachokiita mlio wa dansi wa miaka ya 1980 una ndani yake sera ya uagizaji bidhaa.

Aliyeanza kuigeuza sera hiyo alikuwa mwana wa milima hii. Cleopa Msuya wa Usangi, akiwa Waziri wa Fedha, aliwasilisha bajeti ya mwaka 1984 iliyowaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka. Wanahistoria wa uchumi huitazama bajeti hiyo kama mlango wa mageuzi. Mimi naomba itazamwe pia kama mlango wa mlio mpya. Katika miaka iliyofuata kinanda cha elektroniki kiliingia kwa urahisi zaidi: chepesi, hakihitaji taa za kioo, na kinaweza kujifanya tarumbeta, ngoma na besi kwa mkupuo. Miaka ya 1990 ilipokuja na redio binafsi, televisheni na studio ndogo za kompyuta, kizazi cha Bongo Fleva kilijenga muziki wake kwa vyombo hivyo. Hakuna haja ya kukilaumu. Kilitumia kilichokuwepo, kama kizazi cha amplifaya kilivyofanya. Lakini amplifaya za mashirika, mashirika yenyewe yakibinafsishwa au kufilisika, zilibaki bila mlezi.

Kompyuta inapoiga moto

Wakati huo huo, mbali na hapa, wahandisi walikuwa wakishughulika na swali jingine: je, tabia ya amplifaya inaweza kuandikwa kwa hesabu? Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ilipiga Osaka, Japani, katika maonesho ya dunia ya mwaka 1970. Miaka miwili baadaye kampuni ya Roland ilianzishwa katika mji huo huo, na mwaka 1995 ikatoa mtambo wa VG-8, mmojawapo wa mitambo ya kwanza kuuzwa iliyoiga magitaa na amplifaya kwa hesabu za kompyuta. Mwaka 1998 kampuni ya Line 6 ya Marekani ilitoa POD, kifaa kidogo cha mezani kilichobeba miigo ya amplifaya nyingi. Mwaka 2011 Christoph Kemper wa Ujerumani alileta mtambo unaoisikiliza amplifaya halisi na kuchukua wasifu wake. Sasa ipo Neural Amp Modeler, programu huria iliyoanzishwa na Steven Atkinson, ambayo yeyote mwenye kompyuta anaweza kuitumia bila malipo.

Njia ni mbili, na tofauti yake ina maana kwetu. Ya kwanza ni kuuchukua mchoro wa mtambo na kuandika mlinganyo wa kila taa, kila kapasita na kila transfoma. Inahitaji mchoro na mtaalamu wa kuusoma. Ya pili haiulizi ndani mna nini. Unapitisha ishara maalumu ya sauti ndani ya amplifaya, unarekodi inavyotoka, kisha kompyuta inajifunza uhusiano wa kilichoingia na kilichotoka hadi iweze kuuiga. Mtambo uliotengenezwa mara kumi na fundi wa mtaani, ukiwa na taa isiyo yake na spika iliyoshonwa, hauna mchoro unaousema ukweli wake. Kwa njia ya pili hilo si kikwazo. Mtambo unatakiwa uwe mzima na uwashwe, basi.

Faida kwa kijana wa Same iko wazi. AC30 moja ina uzito wa zaidi ya kilo 30, na kuipandisha mlimani ni kazi ya watu wawili na gari. Mwigo wake unakaa ndani ya simu. Kwaya za Kilutheri na za Kiadventista, ambao wamisionari wao kutoka Ujerumani walifika Upare Kusini mwaka 1903, bendi za harusi na wanafunzi wa sekondari wanaweza kupata mlio ambao wazazi wao waliusikia kwa redio tu.

Kipimo cha nani?

Lakini fungua orodha ya miigo hiyo uone majina: London, California, tena London. Maktaba za milio "ya asili" ya dunia zimejazwa na walio na vifaa, muda na kumbukumbu zilizoandikwa. Kijana anayetaka mlio wa dansi anachagua mwigo wa mtambo wa Kiingereza uliopimwa ukiwa mpya, kwa umeme usioyumba, kisha anakisia. Anapokosa, anahitimisha kwamba wazee walikuwa na siri. Hawakuwa na siri. Walikuwa na mtambo fulani, spika fulani na umeme fulani.

Historia ya Same inatufundisha kuwa wangalifu na vipimo vinavyoletwa vikiwa vimekamilika. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ya mbiru. Hawakukataa kulipa kodi kwa jumla. Walikataa kukadiriwa kwa kipimo ambacho hawakushiriki kukiweka na ambacho hakuna aliyeweza kuwaeleza kinavyofanya kazi. Sisemi kwamba programu ya gitaa ni sawa na dhuluma ya mkoloni. Nasema swali ni lile lile: nani ameamua kilicho cha asili, na kwa ushahidi gani?

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba nchi yenye zahanati zisizo na dawa haina haki ya kuhangaikia amplifaya. Ningelikubali kama kazi hii ingegharimu dawa. Kuchukua mwigo wa mtambo mmoja kunahitaji kompyuta ya kawaida, kadi ya sauti, maikrofoni na mchana mmoja. La pili ni zito zaidi: mwigo utawapa watu kisingizio cha kuutupa mtambo wenyewe na kumsahau aliyeupiga. Hatari hiyo ipo. Mwigo hukamata mtambo ukiwa umewekewa vitasa vyake mahali fulani, siku fulani. Haukamati kwa nini mpigaji aliviweka hapo. Aidha, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyoizaa COSOTA, inalinda kazi na uigizaji wa msanii. Mlio mtupu wa mtambo hauna mwenyewe kwa sheria hiyo. Kwa hiyo tusipoufanya kuwa mali ya wote, atakuja mwingine auchukue, aufungie katika bidhaa yake na kutuuzia.

Kinachowezekana

Mambo manne yanawezekana bila kusubiri sera mpya. Kwanza, taasisi za umma zilizowahi kuwa na bendi zifungue maghala na daftari zao, na kifaa chochote cha muziki kisipigwe mnada kabla hakijapigwa picha, kuandikwa na, kikiwaka, kuchukuliwa mwigo wake. Pili, maafisa utamaduni wa wilaya, Same na Mwanga wakiwemo, waorodheshe vifaa vilivyobaki katika kumbi, makanisa, shule na nyumba za watu, pamoja na majina ya mafundi waliovitengeneza, kwa ridhaa yao. Tatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo ziwakutanishe wanafunzi wa uhandisi na wa muziki, kila mwigo uambatane na mahojiano ya mpigaji au fundi: aliweka vitasa wapi, na kwa nini. Nne, miigo hiyo itolewe kwa leseni huria, iandikwe kwa Kiswahili, na itaje bendi na mahali.

Wanaharakati wanaosoma ukurasa huu wamezoea kudai ardhi, maji na haki ya kusema. Wana haki kuuliza kama mlio una uzito wa kuingia katika orodha hiyo. Naamini unao, kwa sababu jamii isiyoweza kuzalisha tena sauti yake hulazimika kuikodi kwa wengine, na mwenye kukodisha ndiye hupanga bei.

Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwa zamu katika mifereji ya mashamba. Nguvu ya ndiva iko katika mpango: kila kaya inajua zamu yake, na ukarabati ni kazi ya wote. Amplifaya chache za kizazi cha dansi bado zinawaka, na baadhi ya waliozipiga wako hai. Hicho ndicho kijito chetu. Wazee wa Upare hawakungoja kiangazi kikauke ndipo waanze kuchimba ndiva.